Chupa Tupu za Miezi ya Kusi

Kuna mtu kule pwani aliyepoteza kazi kwa sababu ya sentensi yangu moja, na mpaka leo sijawahi kumwona uso. Sentensi yenyewe ina maneno saba. Nimeyahesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi iliyonilisha tangu nimalize chuo.

Ninahesabu vijimea vya baharini, nikiwa Eldoret. Najua inavyosikika. Kina mama wa kanisani kwetu wakiniuliza nafanya kazi gani na nikawajibu, hutazamana kwanza. "Bahari gani hiyo ya Eldoret?" aliwahi kuniuliza mmoja, na wenzake wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nilicheka nao kwa mdomo tu. Sikuwaambia kwamba ukichota maji ya bahari kwenye kikombe, humo ndani mna mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu huiita fitoplanktoni, na kwamba samaki wote tunaowala, shibe yao inaanzia hapo. Sikuwaambia pia kwamba mimea hiyo ina misimu yake kama mahindi ya hapa kwetu, ila yenyewe inaongozwa zaidi na upepo kuliko mvua. Wangesikiliza kwa heshima, kisha wangeniuliza tena mzee wangu yuko wapi na nina watoto wangapi.

Bahari ilifika Eldoret kwa njia ya kawaida kabisa. Mkuu wa mradi wetu ni mtu wa huku, amejenga huku, na wafadhili walipomletea darubini ya maana hakuona sababu ya kuiacha pwani iliwe na chumvi. Akaiweka mtaa wa Elgon View, nyuma ya jumba moja kubwa, kwenye vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya watumishi. Chumba kimoja kikawa maabara, cha pili stoo. Mkuu alipita mara moja kwa wiki, ufunguo wa gari mkononi, akachukua ripoti na kuondoka. Siku nyingine zote nilikuwa peke yangu. Niliingia saa mbili asubuhi, nikatoka saa kumi na moja jioni, na kuna siku neno langu la kwanza lilikuwa la kumuaga mlinzi wa lango. Sauti ilitoka imekwaruza, nikajifanya nina mafua.

Nyumbani hapakuwa na tofauti. Nilikuwa nimepanga Kesses kwa sababu kodi ni nafuu, kwenye ploti iliyojaa wanafunzi wa chuo kikuu. Muziki huku, kicheko kule, harufu ya vitunguu vya watu wengine jioni nzima. Waliniita Madam na kunipisha kwenye bomba la maji, na heshima yao hiyo ilinitenga kuliko matusi. Chuo kikifungwa wote hujaza mabegi na kwenda kwao, tunabaki mimi na keateka, mwangalizi wa ploti. Ndugu zangu wako kando ya Ziwa, nilikozaliwa, na huko wanasema mimi ni mtu wa vitabu, nisisumbuliwe. Niseme tu wazi: nilikuwa mpweke, na nilikuwa nimeuzoea upweke kiasi cha kuuona ni tabia njema. Nilijisifia kwamba sina neno na mtu.

Kila Jumatano nilishuka mjini, kwenye ofisi ya vifurushi vya mabasi, kuchukua boksi kutoka pwani. Ndani mlikuwa na chupa kumi na mbili zilizoviringishwa magazeti, maji yake rangi ya chai ya strungi, isiyo na maziwa, kwa sababu ya iodini. Iodini huua vijimea na kuvipa uzito vizame. Unamimina maji kwenye kikombe maalum cha kioo, unayaacha yatulie mpaka kesho yake, kisha unavitazama vilivyokaa chini kwa darubini na kubonyeza kidude cha kuhesabia, kimoja kimoja. Vingine vina maganda ya kioo na vimeungana kama shanga. Vingine ni nyuzi tupu zilizofungana vifungu. Ni kazi ya mtu mwenye macho mazuri na asiye na pa kwenda, na mimi nilikuwa na vyote viwili.

Aliyejaza chupa hizo alikuwa mwenyeji wa pwani, mtu mzima mwenye boti ya fiberi na injini. Mradi ulimwajiri atoke mara moja kwa wiki hadi kwenye kituo chetu, nje ya mwamba, achote maji na kubandika lebo. Lebo ilidai mambo manne: tarehe, saa, joto la maji, upepo. Yeye aliandika hayo manne kwa kalamu ya risasi, herufi zimelala upande wa kushoto, kisha akaongeza ya kwake. "Leo upepo umelala, maji kama mafuta. Pomboo watatu." Au: "Mvua jana, maji kahawia mpaka nje ya mwamba. Poleni na baridi huko." Mara nyingine ilikuwa neno moja tu: "Joto!"

Mwanzoni nilikereka. Mimi ni mtu wa kukereka upesi, na lebo si kadi ya salamu. Lakini wiki ya tatu au ya nne nilijikuta nasoma lebo kwa sauti kabla ya kufungua chupa, kisha namjibu. "Huku jana ilinyesha mvua ya mawe, ndugu yangu." "Pomboo wenyewe walikuwa wanaenda wapi?" Nilimweleza habari za kanisani, habari za wanafunzi walioniunguzia nyaya za umeme kwa kupika na hita. Mpishi wa lile jumba kubwa alipita dirishani siku moja akanisikia, akatembea haraka zaidi. Sikujali. Kufikia Krismasi nilikuwa nazungumza naye kuliko nilivyozungumza na mtu yeyote aliye hai.

Hiyo ilikuwa miezi ya kaskazi, upepo mpole unaoanza mwisho wa mwaka, na chupa zilijaa. Maji yakitulia, vijimea hukaa juu kwenye mwanga, na pale kituoni kwetu vilizaana mpaka nikawa naumwa kidole gumba kwa kubonyeza. Zile nyuzi zilizofungana zilikuwa nyingi kupita kiasi. Nilifurahi, lakini nilikuwa nasubiri miezi mikubwa zaidi. Nilijua kwamba kuanzia Aprili upepo hugeuka ukawa kusi, na kwamba Juni na Julai kusi hupiga kwa nguvu. Na mimi nilijiona najua kazi ya upepo.

Nilijifunza ziwani. Kabla ya kuja Eldoret nilihesabu maji ya Ziwa kwa miaka sita, na ziwani mambo ni hivi: miezi isiyo na upepo, chakula cha vijimea huzama na kukaa chini. Juni ikifika, upepo mkali hulikoroga ziwa lote, chakula kile kikapanda juu, na vile vyenye maganda ya kioo huongezeka sana. Ni kama uji. Usipoukoroga, uzito wote unabaki chini ya sufuria na wewe unakunywa maji. Basi kichwani mwangu upepo mkali na shibe vilikuwa kitu kimoja. Nilinunua daftari jipya kwa ajili ya Juni.

Boksi la kwanza la Juni nililifungua kwa hamu. Lebo ilisema: "Kusi imekaza. Tumelowa hadi kofia. Maji tumepata." Niliyaacha maji yatulie, kesho yake nikaweka jicho. Hapakuwa na kitu. Yaani vilikuwepo, kimoja hapa, kimoja kule, kama maduka ya mjini Jumapili asubuhi. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Wiki ya pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu vivyo hivyo, na tarehe ya lebo ilikuwa ya siku ya Idi. Niliijua vizuri siku hiyo, maana mlinzi wetu wa lango ni Mwislamu na alipewa ruhusa, nikajifungulia lango mwenyewe.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Nani atoke baharini siku ya Idi, na mawimbi ya kulowesha mtu hadi kofia? Nilimwona kabisa, mtu nisiyemjua sura, ameketi kwake anakula pilau, chupa zangu amezijaza mahali pengine pa karibu na kuongeza uongo mtamu wa kalamu ya risasi. Nilipima chumvi ya maji. Ilikuwa ya bahari, sawasawa na ya miezi iliyopita. Kipimo hicho kilipaswa kunituliza, lakini nikajiambia kwamba mjanja hakosi chumvi.

Nikisema leo kwamba nilikuwa natetea sayansi nitakuwa nadanganya. Nilikuwa nimeumia. Nilihisi mtu niliyekuwa nikimpa habari zangu zote amenifanya mjinga. Katika ripoti yetu kuna safu ya mwisho inayoitwa Maoni, na kwa miezi tisa nilikuwa nimeiacha wazi. Ijumaa hiyo niliandika humo: "Maji haya nina shaka kama yalitoka kituoni." Mkuu alikuja, akachukua ripoti, akaondoka.

Hakuniuliza lolote. Julai boksi halikuja kwa wiki mbili. Lilipokuja tena, mwanzo wa Agosti, lebo zilikuwa zimechapwa kwa kompyuta. Tarehe, saa, joto la maji, upepo. Basi. Nilizigeuza nyuma nikitafuta kalamu ya risasi, kila moja, mpaka ya kumi na mbili. Mkuu alipopita nilimuuliza.

"Yule jamaa tulimtoa," akasema. "Si wewe ndio uliandika? Sasa tuko na mtu mwingine, anatuma picha na location kila akienda. Hakuna mchezo."

"Alisema nini?" nikauliza.

"Atasema nini? Alikataa. Wote hukataa."

Jioni hiyo nilifungua zile picha. Boti iko nje ya mwamba, nambari za mahali ziko wazi kwenye kona, na nyuma yake maji yamesimama wima. Huyu mpya alikuwa amefika kituoni bila shaka yoyote. Kesho yake nikaweka jicho kwenye darubini, na chupa yake ilikuwa tupu kama zile.

Nilijua pale pale. Lakini kujua ni jambo moja na kukubali ni jingine, na mimi nina kiburi. Nilijiambia mwezi mmoja si ushahidi. Nilijiambia ningoje mwaka uzunguke, kama mtaalamu. Nikangoja. Novemba kusi ilikuwa imekwisha, chupa zikaanza kujaa. Januari kidole gumba kikauma tena. Wakati huo wote chumba kilikuwa kimya, maana nilijaribu kuzungumza na lebo za kompyuta na hapakuwa na cha kujibu. Aprili upepo ukageuka, Juni ukakaza, na vijimea vikapotea kama mwaka uliotangulia, wiki kwa wiki.

Nilichukua karatasi ya grafu nikachora mistari miwili, mmoja wa upepo na mmoja wa vijimea. Wa upepo ulipopanda, wa vijimea ulishuka. Kisha nikasoma nilichopaswa kusoma mapema. Ziwa letu si la kina kirefu, upepo unalikoroga mpaka chini na kurudi na chakula. Lakini pale kituoni kwetu, nje ya mwamba, bahari inateremka mbali sana. Kusi ikivuma kwa nguvu inavichukua vijimea kutoka juu na kuviteremsha kwenye giza, na kuvitawanya ndani ya maji mengi mno. Huko gizani haviwezi kukua. Upepo ule ule niliouona ukilisha ziwa, hapa ulikuwa unazamisha. Mtu yeyote aliyekulia pwani asingeshangaa. Ni sisi wa ziwani tu tungeweza kukosea vile, na kukosea kwa uhakika mkubwa namna ile.

Nilimpelekea mkuu karatasi yangu. Aliitazama akiwa amesimama.

"Hii ni kazi safi," akasema. "Iweke kwa ripoti."

"Inaonyesha yule mtu wa kwanza hakudanganya. Nilimsingizia. Arudishwe."

"Aah, Madam. Hiyo maneno imeisha kitambo. System ya sasa inafanya poa. Achana nayo."

Nilipokea karatasi yangu nikarudi kwenye kiti. Nilikuwa nimetumaini atanikaripia.

Jumamosi iliyofuata chuo kilikuwa kimefungwa na ploti nzima iko tupu. Niliketi mlangoni na moja ya yale maboksi ya zamani niliyohifadhia viatu. Juu yake, chini ya anwani yetu, palikuwa na namba ya simu ya mtumaji, kwa ile kalamu ya risasi. Ilikuwa mchana, saa nane hivi. Nilipiga kabla sijajishauri.

"Nani mwenzangu?" sauti ikauliza. Ilikuwa nzito kuliko nilivyokuwa nimempa kichwani.

"Ni mimi wa Eldoret. Wa maabara. Nahesabu zile chupa."

"Madam wa chupa!" Akacheka kabisa, cheko la furaha. "Alhamdulillahi. Hujambo? Baridi yaendeleaje? Leo umenikumbuka."

Nilimwambia sijambo. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi mambo ya kusema, na sikuweza kuyasoma. Yeye akaendelea, kama mtu aliyekuwa ameweka maneno siku nyingi. Siku hizi anatengeneza injini za watu, akasema, nchi kavu, kwa sababu wenye boti hawampi tena kazi za kutoka. Habari zilienea kwamba alikuwa akiwauzia wataalamu maji ya bomba la nyumbani.

"Huku naitwa Maji ya Mfereji," akasema. "Hata mke wangu akienda sokoni, huyo mke wa Maji ya Mfereji." Hakusema kwa hasira. "Watu walinambia ni yule madam wa Eldoret kasema. Nikawaambia hapana. Yule hawezi. Yule asoma lebo zangu."

Angeninyamazia ningeshukuru. Angenitukana ningeshukuru zaidi.

"Ni mimi," nikasema.

Nilisikia nyundo ikigonga chuma mahali fulani nyuma yake, kisha ikaacha.

"Ni wewe."

"Nilikosea. Mimi ni mtu wa ziwa. Kwetu upepo mkali unaleta vijimea, nikajua na huko ni hivyo. Nilipoona chupa tupu nikasema hukufika. Nimeshamwambia mkuu, nimechora, nimemwonyesha. Nitaandika barua nikuletee, na wewe uwaonyeshe watu."

"Kusi yashusha kila kitu, Madam. Hata mtoto huku ajua."

"Na siku ya Idi..." Sijui kwa nini nililitaja. Aibu nayo ina ujinga wake.

"Siku ya Idi niliswali, nikaonja chakula, nikatoka. Si mwataka kila wiki?"

"Nisamehe."

"Andika hiyo barua," akasema polepole. "Hilo jina halitatoka, lakini andika." Kisha akauliza jambo ambalo kwa mwaka mzima sikuwahi kujiuliza. "Namba yangu ilikuwa juu ya kila boksi. Mbona hukunipigia?"

Nilikuwa na uongo wa kutosha, ningesema kazi, ningesema utaratibu wa mradi. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwamba mle chumbani nilikuwa nikizungumza naye kila siku, nikisoma maneno yake kwa sauti na kumjibu, na nilikuwa nimezoea hivyo mpaka halikunijia hata mara moja wazo kwamba upande wa pili kuna mtu ninayeweza kumuuliza.

Nyuma yake nyundo ikaanza tena kugonga.

"Watu wa mradi walinambia kuna mama huko juu ahesabu peke yake, hana wa kusema naye," akasema. "Ndio maana nikawa naandika."

Kisha akasema kuna mtu anamngoja na injini, akaniaga kwa adabu, akakata simu.